Kumtafuta Bihogo

Mimi si mtu wa wanyama, na sijawahi kujifanya. Wete nilikozaliwa tulikuwa na paka mmoja tu, na huyo mwenyewe alikuwa wa jirani, akija kwetu kufuata vichwa vya samaki. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Jumamosi moja ya Januari Bi Ghaliya, yaani mimi, alizungushwa kwenye maonyesho ya mifugo ya Amerat juu ya kiti cha magurudumu, banda kwa banda, akiwakagua ng'ombe usoni mmoja mmoja utadhani anamtafutia mwanawe mchumba, usibishe. Ni kweli. Na kilichonipeleka huko ni mdomo wangu mwenyewe.

Naishi Amerat, pembeni mwa Muscat, kwa binti yangu Bashayer, ambaye ni mwalimu mkuu na hutoka nyumbani jua halijapanda mlima. Magoti yangu yalishaniaga zamani. Anayenitazama ni Conjesta, msichana wa Karagwe, kule Tanzania bara karibu na mpaka wa Rwanda. Msichana nasema mimi, lakini ana miaka thelathini na moja na mtoto wa miaka saba. Huu ni mwaka wa pili tuko pamoja. Hunipa dawa, huniogesha, hunipikia, na hugombana nami kuhusu Kiswahili. Yeye husema shule, mimi skuli. Yeye nyanya, mimi tungule. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui kusema, na hivyo siku inakwenda.

Mtoto wake anaitwa Anjelina. Analelewa na babu yake, Mzee Simoni, na mama yake mdogo, Benedikta. Na hapa ndipo anapoingia Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe. Si ng'ombe wa kuokota: mwekundu, mrefu, mwenye pembe zile za ng'ombe wa kwao, ambazo mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili bado hafikii ncha zake. Anjelina alipozaliwa, babu alimpa ndama huyo awe wake, na wawili hao wakakua pamoja. Kisha ikafika siku ya Conjesta kuja Muscat. Alfajiri ile ile Bihogo naye aliondoka, kwa njia nyingine, kwenda mnadani, maana nauli ya ndege ilikuwa ndani ya ngozi yake. Anjelina aliamka akakuta kitanda kitupu na zizi tupu. Mzee Simoni, ambaye nadhani ni mtu mwema na mwoga kama wanaume wengi walio wema, alishindwa kuvumilia kilio, akamwambia: Bihogo kamsindikiza mama yako Uarabuni. Mtoto akanyamaza. Watu wazima wakashukuru Mungu, na hakuna aliyerudi nyuma kusahihisha.

Mimi sikujua hata kimoja katika hayo. Siku moja mwezi wa Oktoba Conjesta alikuwa juu ya dari, kwenye paa la nyumba, anaanika nguo, simu yake ikaita mezani jikoni, nikaipokea. Kwenye kioo kulikuwa na uso mdogo, kichwa kimenyolewa, macho makubwa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye bibi anayekaa na Mama?"

"Ndo miye."

"Bihogo hajambo?"

"Bihogo ndo nani?"

"Ng'ombe wangu. Alikuja huko na Mama."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, ngoja nimwite mama yako. Sikusema. Nilichelewa kujibu, nikaona mdomo wake wa chini unaanza kucheza. Sisi tulilelewa kwamba mtoto haachwi akalia ilhali neno tamu lipo karibu. Neno tamu halina gharama. Basi nikalitoa.

"Ahaa, Bihogo! Hajambo kabisa, mwanangu. Yuko uani, anakula majani. Kanenepa huyo, utamsahau!"

Akapiga makofi. "Nionyeshe."

"Saa hizi kalala."

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini siku ile nilidhani yangu itakuwa ndefu, kwa kuwa kutoka Amerat hadi Karagwe ni mbali.

Wiki iliyofuata akamwuliza mama yake, nionyeshe Bihogo, bibi amesema yuko uani. Conjesta akanitazama. Nikatazama dirisha. Akamwambia mtoto ng'ombe amepelekwa malishoni. Wiki ya pili, ng'ombe yuko kwa daktari. Wiki ya tatu simu haina chaji, na simu isiyo na chaji ndiyo hiyo hiyo waliyokuwa wakizungumzia. Wiki ya nne Anjelina akasema, "Nitaongea siku nikimwona Bihogo," na akafanya kama alivyosema. Si kwa utovu wa adabu. Akiitwa, alikuja, alitoa shikamoo, kisha aligeuka akakaa na kumpa mama yake mgongo. Kila Jumamosi, kuanzia Novemba mpaka Januari, Conjesta aliutazama mgongo wa mwanawe kwenye simu na kuusimulia habari za Muscat.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu. Alianza kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, na mimi, ambaye siku zote nina la kusema juu ya chumvi, nikala kimya.

"Mwambie tu kweli," nikamwambia siku moja. "Umalize."

"Nimwambie nini, Bibi? Kwamba nilimuuza ng'ombe wake nikapanda ndege? Alikuwa wake kweli. Hatukumwomba. Akijua hilo hatanigeuzia mgongo tu. Atanichukia."

Ndipo mjukuu wangu Safwan, mtoto wa Bashayer, anayeuza magari Wattaya na mwenye ulimi wa kuweza kumuuzia mtu gari lisilo na matairi, akaja na habari kwamba bustanini kwetu Amerat kuna maonyesho: ngamia, mbuzi, ng'ombe, farasi, kila kitu. Nikaona mlango umefunguka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema: tunakwenda, tunatafuta ng'ombe mwekundu, tunapiga simu ya video, mtoto anaona, anafurahi, mambo yanakwisha.

Conjesta alinitazama muda mrefu. "Bibi, mtoto wa wafugaji hadanganyiki kwa ng'ombe."

"Ng'ombe ni ng'ombe," nikasema.

Ndiyo ujue nilikuwa najua nini kuhusu ng'ombe.

Lakini alikubali. Mtu akikaa miezi mitatu akizungumza na mgongo, hukubali mengi. Akamtumia Benedikta ujumbe: mwambie Anjelina leo saa tisa na nusu ya huko atamwona Bihogo. Kwetu hiyo ni saa kumi na nusu. Benedikta akajibu kwamba mtoto ameoga tangu asubuhi, amevaa gauni la kanisani, na amekaa mlangoni hataki kuondoka. Tulisoma hivyo tukiwa garini, sote watatu, Safwan akiendesha. Kurudi nyuma hakukuwapo tena.

Tulifika baada ya sala ya alasiri. Amerat nzima ilikuwa pale, na watoto wake, na vigari vya watoto wake. Kulikuwa na harufu ya mishkaki na ya kinyesi cha mifugo, kila moja ikijaribu kuishinda mwenzake. Wanawake walikaa chini ya turubai wanapika mikate myembamba kwenye bamba la chuma, na mzee mmoja alikuwa akipitisha kahawa na halua. Nikachukua halua. Kazi ngumu haifanywi na tumbo tupu.

Ngamia walikuwa wa kwanza, wamevishwa shanga na vishada vyekundu, wanatutazama kwa dharau kama mashemeji. Tukawapita. Mbuzi wa milimani wenye manyoya marefu, tukawapita. Farasi, sungura, tausi aliyekataa kufungua mkia mbele ya watu waliolipa kiingilio. Safwan alisukuma kiti mbiombio, mimi nikishikilia mkoba, Conjesta nyuma yetu akitazama saa.

"Bibi, shuf, tazama! Huyu ana pembe!" Safwan akasema, akasimama ghafla hata nikataka kudondoka.

Ndani ya uzio mpana alikuwamo mnyama mweupe, mzuri sana, na pembe zake nyembamba zimesimama wima kichwani. Wenyewe Waarabu humwita maha.

"Huyo ni choroa," Conjesta akasema. "Si ng'ombe. Na ni mweupe."

"Tutamwambia jua la huku limempausha," Safwan akasema.

Conjesta akacheka. Akaziba mdomo kwa kiganja kama afanyavyo, mabega yakimtikisika, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa kumi. Tulisimama pale mbele ya choroa tukicheka hata watu wakageuka. Kisha akatazama saa tena, kicheko kikamwisha usoni. Zilibaki dakika ishirini na tano.

Banda la ng'ombe lilikuwa mwisho kabisa. Nataka niseme nilichokiona pale, kwa sababu nilikuwa na mtu huyu miaka miwili na sikuwahi kukiona. Conjesta aliingia bandani, akasimama, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Harufu iliyonifanya mimi nijifunike shela, yeye aliivuta kama mtu anayenusa mkate wa mama yake. Mabega yake yakashuka. Hata mwendo ukabadilika. Nyumbani kwetu hutembea upesi na kwa tahadhari, kama mgeni anayeogopa kuvunja kitu, lakini pale alitembea polepole, mikono wazi, akiwasemesha ng'ombe kwa sauti ya chini. Kila alipopita, ng'ombe aligeuza sikio.

"Huyu je?" nikamwuliza, nikionyesha wa kwanza.

"Mweusi, Bibi."

"Yule?"

"Yule ni dume."

Sikujua. Nikaacha kuonyesha.

Ng'ombe wa huku ni wadogo, na pembe zao ni fupi kama vidole. Conjesta aliwapitia wote akitikisa kichwa: huyu mfupi mno, huyu ana baka jeupe, huyu nundu imezidi. Wa mwisho bandani alikuwa jike mwekundu, mwekundu kweli, rangi ya udongo ulioloa mvua. Conjesta akamwekea kiganja shingoni, akamkuna chini ya kidevu mahali ambapo kumbe ng'ombe hupenda kukunwa, na yule ng'ombe akafumba macho.

"Kuanzia shingoni kwenda nyuma," akasema polepole, "anaweza kufanana naye."

"Na kichwa?"

"Kichwa kisionekane."

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee wa Barka aitwaye Jaifar, ndevu zake zimetiwa hina, bakora mkononi. Alikuwa akimtazama Conjesta kwa mshangao. Akaniuliza kwa Kiarabu, binti huyu ni wa wapi, mbona ng'ombe wangu hatulii kwa mtu yeyote hivi, hata mke wangu humpiga teke? Nikamweleza kisa chote, na sikujificha nyuma ya mtu: nilimwambia mwongo ni mimi. Kwanza alicheka. Nilipofika penye mgongo wa mtoto akaacha kucheka, akashika ncha ya kilemba akapangusa macho. "Mtoto hangojeshwi," akasema. "Ng'ombe ni wenu. Fanyeni mtakavyo."

Basi tukajipanga. Safwan atashika simu. Conjesta atasimama ubavuni mwa ng'ombe. Mimi nitasimama mbele ya kichwa, nimetandaza abaya yangu nyeusi kama pazia. Nilisimama kwa magoti haya, nikishika nguzo kwa mkono mmoja. Safwan akaniambia, Bibi, utaanguka, nikamwambia apige simu.

Benedikta akapokea mara moja, na nyuma yake akatokea Anjelina, gauni jeupe, ukosi umebana shingo. Hakuwa amegeuza mgongo. Alikuwa ametutazama usoni, na Conjesta akashika ubavu wa ng'ombe kama aliyetaka kuanguka yeye.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Yuko wapi?"

Safwan akasogeza simu taratibu: mgongo mwekundu, tumbo, mkia. Alifanya kazi nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nikasikia mtoto akivuta pumzi.

"Amepungua," akasema.

"Ni joto la huku," Conjesta akasema, na sauti yake haikuwa yake.

"Kwa nini huyo bibi amesimama hapo?"

"Nnampenda sana Bihogo," nikadakia. "Siwezi kumbanduka."

"Usimsimamie mbele, Bibi. Hapendi. Atakupiga." Alisema hivyo kwa huruma, ananihurumia mimi, na moyo ukanichoma. Kisha akamwambia mama yake, "Mwite, Mama. Mwite kama zamani."

Conjesta akaita. Sijui alisema nini, ilikuwa lugha yao, lakini ilikuwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka, na banda zima likanyamaza. Watu wakasimama. Ng'ombe wa Jaifar peke yake ndiye hakushughulika, kwa kuwa yeye hakuitwa.

Mzee Jaifar, masikini, aliona mambo yanaharibika. Naye ni mtu wa ukarimu. Alijua njia moja tu ya kumfurahisha ng'ombe wake mbele ya wageni, na kabla sijamkataza akapenya chini ya mkono wangu na ndoo, akaiweka chini mbele ya kamera. Ng'ombe akageuza kichwa, na vile vipembe vyake vyote viwili vikaonekana, akatumbukiza mdomo ndoani na kuanza kutafuna kwa sauti.

Mwambao huu ng'ombe hulishwa dagaa wakavu na tende. Tangu enzi na enzi. Mimi nimekaa huku miaka hamsini, nimeshazoea, sikufikiri hata kidogo.

Kule Karagwe ule uso mdogo ukasogea karibu na kioo.

"Mama," Anjelina akasema. "Anakula dagaa."

Safwan akajaribu kurudisha simu upande wa mkia.

"Mama, huyo ng'ombe anakula dagaa."

Nyuma yake nikamsikia Benedikta akisema, "Yesu wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimezika mume, nimeacha kwetu nikiwa na miaka kumi na saba, na bado nasema katika maisha yangu nimeona haya kamili mara moja tu, siku hiyo, mbele ya mtoto wa miaka saba aliyevaa gauni la kanisani. Nikaketi kwenye kiti changu. Nikanyoosha mkono, Safwan akanipa simu.

"Anjelina, n'sikilize mwanangu. Mama yako hana makosa kwa hili. Siku ile ulipon'uliza, miye ndo niliyekudanganya. Bihogo hayupo uani kwetu. Hajapata kuwapo. Nlikuona unataka kulia, n'kaona n'kwambie maneno mazuri. Nisamehe."

Hakunijibu. Macho yake yalikwenda kando, yakimtafuta mama yake. Conjesta akaja akachuchumaa pembeni ya kiti, uso wake karibu na wangu, ili sote wawili tuonekane.

"Bihogo hakuja huku," akasema. Alikuwa analia lakini maneno yalitoka moja moja, yamenyooka. "Siku niliyoondoka, babu alimpeleka mnadani. Tulimuuza ili nipate nauli. Alikuwa wako na hatukukuuliza. Hilo ni kosa langu, si la bibi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini usinyamaze, mwanangu. Kasirika kwa sauti."

Anjelina hakulia. Alijikuna pua. Alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu ya skuli.

"Kwa hiyo hukuja na Bihogo."

"Sikuja naye."

"Ulikuja peke yako."

"Peke yangu."

"Kwenye ndege pia?"

"Kwenye ndege pia."

Akafikiri tena. "Babu alisema Bihogo yuko na wewe. Ndiyo maana mimi niliacha kulia." Kisha akasema, na hapo sauti yake ndipo ilipotetemeka kwa mara ya kwanza: "Sasa ukilala, nani yuko na wewe?"

Kumbe ni hilo. Sisi wote, babu, mama, mimi na uongo wangu mtamu, tulidhani mtoto anamlilia ng'ombe. Alikuwa amemtoa ng'ombe wake kwa moyo mweupe ili mama yake asiwe peke yake ugenini, na miezi mitatu alikuwa anataka kuhakikisha tu kwamba mlinzi yupo kazini. Conjesta akaficha uso begani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mimi nikamshika kichwa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

"Miye," nikasema. "Miye nipo naye. Tunalala chumba kimoja."

Alinitazama kwa makini, kama mwenyewe Conjesta alivyokuwa akiwatazama wale ng'ombe.

"Wewe ni mzee."

"Mzee, ndiyo."

"Mama anaogopa nini?"

Miaka miwili. Conjesta anajua kwamba naogopa sakafu ya bafu ikiwa na maji, anajua naogopa sindano, anajua naogopa kufa Bashayer akiwa kazini. Anajua na hanitanii kwa hayo, ingawa hunitania kwa mengine yote. Mimi nilijua anavyopika pilau, nilijua anakosea wapi chumvi. Hofu yake sikuijua, kwa kuwa sikupata kuuliza.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

"Radi," akasema Anjelina. "Ikipiga radi anakimbilia zizini, anamshika Bihogo shingo. Anasema anakwenda kuniangalizia ng'ombe wangu asishtuke. Lakini ni yeye anayeogopa."

Begani kwangu Conjesta akacheka na kulia kwa pamoja.

"Huko kuna radi?" mtoto akauliza.

Radi Muscat ni mara chache, nilitaka kusema. Kisha nikakumbuka mvua kubwa ya mwezi wa Aprili, mabonde yalipojaa maji na mbingu ikawa inapasuka juu ya mlima. Conjesta alitoka kitandani kwake, akaja akaketi ukingoni mwa changu, akasema, "Bibi, usiogope, nipo." Nami, mwenye maarifa yangu yote, nilimjibu, nani aliyekwambia naogopa, niache nilale, rudi kwako. Akarudi. Mvua iliendelea mpaka alfajiri.

"Ipo," nikasema. "Si nyingi, lakini ipo."

"Ikipiga, umwite wewe. Yeye hatasema."

"Ntamwita."

"Na usimcheke."

"Simcheki, wallahi."

Alinipima kidogo tena. Nadhani hakuridhika sana. Nisingeridhika mimi pia, kupoteza ng'ombe kama yule na kupewa kikongwe. Lakini kilichokuwapo kilikuwa ni hicho.

"Haya," akasema. "Mpe Mama simu."

Nikampa. Akaketi juu ya majani makavu, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu la kiti changu, na wakaanza kuzungumza Kinyambo, lugha yao, wote wawili kwa pamoja, wakikatizana, na Anjelina alikuwa akimfokea kweli kweli, kwa sauti, kama alivyoombwa. Sikuelewa hata neno moja. Safwan akaniuliza kama tuondoke, nikamkatalia kwa kichwa. Nilikuwa natazama umbali ulioko kati ya kitanda changu na chake huko nyumbani, naupima akilini, nikifikiria kitanda chake kisogezwe wapi ili mkono wangu umfikie.